Je, Udongo Ule Unafaa kwa Tayammum?



 

Alhamisi moja, baada ya darasa, baba mmoja alibaki nyuma mpaka wenzake wote wakatoka. Ni mkulima, mtu wa makamo, mwenye watoto wakubwa. Akaniambia: "Mwalimu, mwaka 2003 nilikuwa kijana. Nilikwenda Katanga kutafuta maisha, nikachimba kobalti Shinkolobwe karibu mwaka mzima. Maji kule tulikuwa tunayanunua kwa bidoni, hayatoshi hata kunywa. Basi mara nyingi tulitayamamu kwa udongo wa pale pale, tukasali. Sasa nimesikia kwamba udongo ule una sumu isiyoonekana, na kwamba bomu la Japani lilitoka humo. Nina maswali mawili. Sala zangu za mwaka ule zilikuwa sawa? Na mtoto wangu wa kwanza anataka kwenda huko huko. Nimkataze, au nimwache?"

Swali la kwanza lilionekana jepesi. La pili nilimwomba anipe muda. Lakini nilipofika nyumbani niliona kwamba la kwanza pia si jepesi. Nyuma yake kuna swali lingine ambalo linatuhusu sote: udongo ukiharibiwa, ni nani mwenye haki ya kusema kwamba sasa umekuwa safi? Na safi kiasi gani inatosha?

Wandugu, tuanze na mahali penyewe.

Shinkolobwe ni machimbo karibu na Likasi, umbali wa kilomita kama 20. Uraniumu iligunduliwa pale mwaka 1915, na kampuni ya Wabelgiji, Union Minière, ikaanza kuichimba mwaka 1921. Wakati ule hawakuitaka uraniumu yenyewe. Walitaka radiumu iliyomo ndani yake, ambayo hospitali za Ulaya zilikuwa zinainunua kwa bei inayozidi dhahabu mara nyingi sana. Mawe yalipelekwa Ubelgiji, kwenye kiwanda cha Olen, ambacho kilianza kutoa radiumu mwaka 1922. Mwaka 1940, wakati wa vita vya Ulaya, mkubwa wa kampuni, Edgar Sengier, alipeleka New York tani zipatazo 1,200 za mawe hayo, yakawekwa kwenye ghala katika kisiwa cha Staten Island. Mwaka 1942 jeshi la Marekani liliyanunua, na machimbo yakafunguliwa upya kwa siri. Sehemu kubwa ya uraniumu ya mpango wao wa bomu ilitoka katika ardhi yetu. Tarehe 6 Agosti 1945 bomu la kwanza liliangushwa Hiroshima.

Mawe ya Shinkolobwe yalikuwa na uraniumu nyingi kuliko mawe ya karibu nchi zote, mengine kufika sehemu 65 katika 100. Waliyoyachimba na kuyapakia ni baba zetu na babu zetu, watu weusi wa nchi hii. Hakuna aliyewaambia wanashika nini.

Mwaka 1960, karibu na Uhuru, machimbo yalifungwa na mashimo yakazibwa kwa saruji. Wengine wakadhani habari imekwisha. Lakini kufunga si kusafisha. Mabaki yalibaki juu ya ardhi. Maisha yalipokuwa magumu, mwishoni mwa miaka ya 1990, vijana waliingia kuchimba kobalti kwa mikono, na kobalti ile inakaa pamoja na uraniumu. Mwezi wa Januari 2004 agizo la rais lilikataza kuchimba pale. Tarehe 8 Julai 2004 shimo liliporomoka, wakafa watu wasiopungua 8. Mwaka huo huo kijiji kilichokuwa pale, cha watu kama 15,000, kilibomolewa na kuchomwa. Wataalamu wa Umoja wa Mataifa walikuja mwishoni mwa mwaka, wakapima, wakaonya juu ya kuporomoka kwa ardhi na juu ya mionzi inayompata mtu anayekaa pale kwa muda mrefu.

Huyu baba alikuwa mmoja wa wale waliokaa pale.

Sasa turudi kwenye swali lake la sala. Katika fikhi, sisi tunaijua najisi kwa alama tatu: rangi, harufu na ladha. Zikiondoka, mahali pametohara. Kila mtoto wa chuoni anajua hivyo. Mionzi haina rangi, haina harufu, haina ladha. Huwezi kuiosha mara saba ukasema imekwisha. Basi mtu anaweza kusema: kama haina alama, si najisi, na udongo ni tohara. Hilo ni kweli. Udongo ule si najisi kwa maana ya sala.

Lakini fikhi yetu haikuishia hapo. Mnakumbuka maji ya mushammas, yale yaliyopata joto la jua ndani ya chombo cha chuma katika nchi za joto. Maji hayo ni tohara, lakini wanazuoni wetu wa Kishafii walisema ni makruhu kuyatumia mwilini, kwa sababu walihofia yanaleta ugonjwa wa ngozi. Leo waganga wanaweza kuwa na maneno mengine juu ya maji hayo. Sisi tushike msingi wake: kitu kinaweza kuwa tohara kwa sala na kikawa kibaya kwa mwili, na mwili pia una haki. Tayammum yenyewe tumepewa ili kuondoa dhara kwa mgonjwa na kwa aliyekosa maji. Haiwezekani tena iwe mlango wa dhara.

Kwa hiyo, kuna usafi wa aina mbili. Wa kwanza tunaupima kwa macho, pua na ulimi, na kila Muislamu ni shahidi wa nafsi yake. Wa pili hatuwezi kuupima wenyewe. Unahitaji chombo na mtu aliyesoma. Hapo kila mmoja wetu amekuwa kipofu anayeshikwa mkono. Na anayemshika kipofu mkono amebeba amana nzito, kwa sababu akimpeleka shimoni, kipofu hatajua mpaka amekwisha kuanguka.

Watu wa mataifa makubwa waliiona shida hii kwao wenyewe, baada ya vita. Viwanda vilivyosafisha mawe ya Kongo viliacha mabaki kwenye udongo wa Marekani. Mwaka 1974 serikali yao ilianzisha mpango wa kutafuta mahali pale pote na kupasafisha. Mwaka 1980 walipima pale Staten Island, miaka 40 baada ya mapipa kufika, wakakuta udongo bado una mionzi. Na walipoanza kusafisha, walikutana na swali letu: safi kiasi gani?

Ni lazima tujue kwamba hakuna udongo usio na mionzi kabisa. Mwenyezi Mungu ameiweka kidogo katika kila ardhi, hata hii ya Kasongo. Basi hawawezi kusema: tutaondoa yote. Wanasema: tutaondoa kile kilichozidi asili. Sheria yao ya mwaka 1978, na kanuni zilizotolewa chini yake mwaka 1983, ziliweka mpaka wa radiumu kwenye udongo wa mahali palipochakatwa uraniumu: pikokiuri 5 katika kila gramu juu ya kiwango cha asili, kwa sentimita 15 za juu, na pikokiuri 15 kwa tabaka za chini yake. Pikokiuri ni kipimo kidogo sana, kama punje ukilinganisha na gunia. Na hesabu hiyo haifanywi kwa kila konzi ya udongo. Inachukuliwa kwa wastani katika kiwanja cha mita za mraba 100.

Mwaka 1997 tume yao ya nyuklia ilitoa kanuni nyingine kwa viwanda vinavyofungwa: mtu atakayetumia ardhi ile baadaye asipate zaidi ya milirem 25 kwa mwaka kutokana na mabaki. Ili kupiga hesabu hiyo, wataalamu hufikiria mkulima ambaye atakuja siku moja kujenga nyumba pale, atachimba kisima, atalima mboga, atakunywa maziwa ya ng'ombe wake. Huyo mkulima hayupo, pengine hajazaliwa, lakini wanamhesabia kila anachokula. Hata hivyo shirika lao la mazingira lilipinga, likasema 25 ni nyingi, iwe 15. Idara mbili za serikali moja zilibishana.

Ubishi huo unatufundisha jambo. Mpaka wa "safi" hautoki ndani ya udongo. Chombo kinaweza kukuambia kuna kiasi gani. Hakiwezi kukuambia kiasi gani kinaruhusiwa. Hiyo ni hukumu ya wanadamu, wanaopima maisha ya watu upande mmoja na fedha upande mwingine. Na penye hukumu, ndugu zangu, pana uadilifu au pana dhulma.

Tutajuaje ipi ni ipi? Fikhi ya tohara ina mlango mmoja unaoweza kutusaidia, mlango wa najisi inayosamehewa. Damu kidogo ya mbu kwenye kanzu inasamehewa. Kwa nini? Kwa sababu ni kidogo, na kwa sababu ni shida kuiepuka. Lakini wanazuoni waliweka sharti: isiwe umeitia wewe kwa kusudi. Anayechukua damu akajipaka, hata ikiwa kidogo, hawezi kuja kudai msamaha. Msamaha ni rehema kwa aliyepatwa. Si ruhusa kwa anayeleta.

Tuuchukue msingi huo. Mkulima anayelima ardhi yenye mionzi kidogo ya asili hana lawama, na hana sababu ya kuogopa. Kampuni iliyochimbua mionzi chini kabisa, ikaitandaza juu, haiwezi kusema: "Ni kidogo tu, samehe." Hakuna mtu anayejisamehe juu ya mwili wa mwenzake. Mwenye kutoa msamaha ni yule atakayeishi juu ya udongo ule. Naye hawezi kusamehe kitu ambacho hajaambiwa.

Kuna mlango mwingine, wa kullatein. Maji yakifika kullatein, kiasi cha lita 200 na zaidi kidogo, yakaingiwa na najisi bila kubadilika, yanabaki tohara. Ni wepesi kwa watu. Lakini je, jirani anaweza kumwaga najisi kwenye kisima chako kila asubuhi na kusema, "Maji yako yamezidi kullatein"? Kila mmoja wenu anajua jibu. Mwaka 1973, karibu na mji wa St. Louis huko Marekani, mabaki tani 8,700 kutoka kiwanda kilichokuwa kimesafisha uraniumu, pamoja na ile ya Kongo, yalichanganywa na udongo tani 39,000, yakamwagwa kwenye jaa la taka. Ukichanganya namna hiyo, kipimo kinashuka. Lakini hakuna kilichoondoka, kimetawanyika tu. Mwaka 2018, miaka 45 baadaye, serikali yao iliamua kwamba sehemu yake ichimbuliwe na kuondolewa. Wepesi uliowekwa kwa ajili ya mnyonge ukitumiwa na mwenye nguvu kufunika uchafu wake, huo umekuwa hila.

Sasa nataka mtazame mizani miwili.

Katika jimbo la Ohio, mahali panapoitwa Fernald, mabaki ya mawe yetu ya Shinkolobwe yalikaa ndani ya matangi makubwa ya saruji kwa miaka mingi. Wenyeji walilalamika, wakaenda mahakamani, wakasikilizwa. Mabaki yakaondolewa, yakapelekwa Texas. Kazi ilimalizika mwaka 2006, na iligharimu dola bilioni 4.4. Leo pana miti na ndege, na kuna idara ya serikali yenye kazi ya kupachunga.

Na shimo lenyewe, mama wa mawe yale? Palipotoka jiwe, hapajasafishwa. Jiwe ni lile lile. Mionzi ni ile ile. Mtoto wa Ohio amehesabiwa maziwa yake kabla hajazaliwa. Mtoto wa Likasi alikuwa tayari amezaliwa, anacheza juu ya udongo ule, na alichopata ni kuchomewa nyumba. Katika Sura ya Al-Mutaffifin Mwenyezi Mungu ameahidi adhabu kwa wale wanaopima kikamilifu wanapopokea na kupunguza wanapotoa. Tulizoea kuisoma kwa ajili ya wauza mchele na mafuta sokoni. Naona inawafikia pia wanaopima udongo.

Nasikia mtu ananiambia: "Mwalimu, waliofanya hayo wamekwisha kufa. Na kampuni ile ilinyang'anywa machimbo mwaka 1967, yakawa ya serikali yetu. Utamdai nani?" Ni hoja ya kweli, na tuijibu kwa mirathi. Mtu akifa, mali yake haigawanywi kwanza. Kwanza mazishi, halafu madeni, halafu wasia, ndipo warithi wapate. Anayesema "mimi ni mrithi" amekubali kwamba deni linamtangulia mezani. Union Minière haikufa maskini. Iliendelea na biashara, na tangu mwaka 2001 inaitwa Umicore. Marekani haikufa. Na serikali ya Kongo, iliyochukua machimbo ya shaba na kobalti kama urithi wa taifa, haiwezi kusema imechukua shaba na kuacha deni. Msingi ni mmoja: mwenye kula faida hubeba gharama. Zamani, walipodhani mabaki yale bado yana radiumu ya kuuza, Wabelgiji waliandika katika mkataba kwamba mabaki ni mali yao, hata yakiwa Marekani. Kilipokuwa mali, mwenyewe alijulikana. Kilipokuwa sumu, mwenyewe akapotea.

Mwingine atasema jambo zito zaidi: "Mwalimu, njaa inaua leo. Mionzi inaua baada ya miaka 20. Utamkatazaje mtu kuchimba?" Huyu sitamjibu kwa ukali, maana nimewaona watoto wa madrasa wanaokuja bila kula. Aliyefukuza watu 15,000 bila kuwaonyesha pa kwenda hakuwakinga na mionzi. Amewahamisha tu kutoka hatari moja hadi nyingine. Sheria inayokataza bila kufungua mlango wa riziki ni nusu ya sheria. Lakini njaa ya mtu haimpi mwenzake haki ya kumficha habari. Mwenye njaa ndiye anayehitaji zaidi kuambiwa ukweli, kwa sababu ndiye asiye na kitu kingine isipokuwa mwili wake.

Wandugu, msidhani haya ni ya Katanga tu. Mwaka 2007 huko Likasi serikali ilikamata mawe yenye mionzi mikali, ikaamuru yapelekwe kufukiwa Shinkolobwe. Waliopewa kazi hiyo waliyatupa kwenye mto Mura. Sheria ilikuwepo: sheria namba 017/2002 ya tarehe 16 Oktoba 2002 inahusu hasa kinga dhidi ya mionzi. Vipimo vilifanywa. Amri ilitolewa. Kilichokosekana ni mtu mmoja mwenye kumwogopa Mungu kwenye lori. Maji ya Likasi yanaingia Lufira, Lufira inaingia Lualaba, na Lualaba mnajua wenyewe inapita wapi. Sisemi kwamba sumu ile imefika kwetu; mto ni mkubwa na safari ni ndefu. Nasema kwamba sisi ni majirani wa watu wa Likasi kwa njia ya maji, na jirani ana haki.

Halafu fikirini muda. Radiumu inapungua polepole: miaka 1,600 ikipita, nusu yake bado ipo. Ile iliyokuwepo siku Mtume (s.a.w.) alipohama kwenda Madina, mpaka leo haijafika hata nusu. Kanuni za Marekani zinataka mfuniko wa mabaki udumu miaka 1,000 ikiwezekana, na isipowezekana, isipungue 200. Sisi hapa, mji wa Tippu Tip ulianguka mwaka 1893, miaka 130 na kitu iliyopita. Waulizeni vijana kumi wawaonyeshe ngome yake ilikuwa wapi, mtapata majibu kumi. Kibao cha "Hatari" kinaoza. Ukuta unabomolewa, matofali yanajengewa jiko. Kinachoweza kudumu ni elimu inayopokewa na mtoto kutoka kwa baba, kama tulivyopokea Kurani, na mali iliyotengwa kwa ajili ya kuchunga, kama wakfu wenye msimamizi asiyekwisha. Hata Kinshasa kuna mtambo wa nyuklia uliosimama tangu mwaka 2004. Wa kwanza wake ulianza mwaka 1959, wa kwanza katika Afrika nzima. Siku moja utavunjwa, na mtu ataandika kwamba pale pamekuwa safi. Wajukuu wetu watahitaji kumwamini.

Na huku kwetu? Hatuna uraniumu, lakini tuna dhahabu, na penye dhahabu wachimbaji wengi hutumia zebaki, yale maji mazito ya rangi ya fedha. Mvuke wake haunuki. Ukiingia mtoni unaingia kwenye samaki, na samaki anaingia kwa mama mwenye mimba. Nayo ni sumu isiyo na rangi, harufu wala ladha. Anayechoma zebaki jikoni kwake, watoto wakiwa wamekaa karibu, asiwalaumu Wabelgiji peke yao. Mizani ni ile ile kwa mkubwa na kwa mdogo.

Basi nawaomba wazee, masultani na wanakamati wa vijiji vya Kabambare na Kasongo. Mkiletewa karatasi kutia sahihi kwamba ardhi fulani imerekebishwa, au maji fulani ni safi, msitie sahihi kwa sababu ya soda na bahasha. Ulizeni: Nani amepima? Kwa chombo gani, na siku gani? Matokeo yako wapi, na yameandikwa kwa lugha tunayoisoma? Nani atarudi kupima tena baada ya miaka kumi? Na fedha za kusafisha zimewekwa wapi? Sheria ya madini ya mwaka 2002, iliyorekebishwa mwaka 2018, inamtaka mwenye haki ya kuchimba aweke dhamana ya fedha kwa ajili ya kurekebisha ardhi. Kuuliza juu yake ni haki yenu. Sahihi ni ushahidi. Na ushahidi juu ya kitu usichokiona wala kukipima, tunajua hukumu yake.

Sasa nimjibu yule baba, na wote walio kama yeye.

Sala zako, ndugu yangu, tunataraji kwa Mwenyezi Mungu zimekubaliwa. Ulikosa maji, ukapiga mikono kwenye udongo ambao kwa elimu yako ulikuwa safi, ukamsujudia Mola wako. Huna deni hapo. Deni liko kwa waliojua udongo ule una nini, tangu miaka ya 1940, wakauandikia sheria na vipimo kwa ajili ya watoto wao, nasi wasituambie. Siku ya hesabu, udongo ule ule utatoa habari zake, na hautahitaji chombo cha kupimia.

Kuhusu mwanao: Shinkolobwe asiende. Wewe ulikwenda bila kujua. Yeye sasa anajua, na aliyejua hana udhuru wa asiyejua. Lakini usimkataze kwa mdomo mtupu. Njoo naye baada ya sala ya leo. Tutakaa na wazee wa msikiti, tutazame shamba gani linaweza kupatikana, fundi gani anaweza kumpokea, na mfuko wetu una franga ngapi. Tukimzuia kijana mlango wa hatari, ni juu yetu kumtafutia mlango mwingine. Hilo ninawadai wote mliomo humu.

Tunamwomba Mwenyezi Mungu awarehemu waliofia mashimoni, awaponye walioshika mawe yale bila kujua, atupe wapimaji wakweli na viongozi wanaoogopa, na atujaalie tuwaachie watoto wetu ardhi ambayo wanaweza kusujudu juu yake bila hofu. Amin.